Uliza Mhariri wa Filamu: Ugomvi Uliopooza, Macho Yanayopishana na Sauti Inayokimbia Midomo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaohariri filamu fupi, mahojiano na video za sherehe kwa kompyuta moja na kamera moja, au simu. Tumezifupisha. Hesabu za fremu humu (picha moja moja zinazounda video) ni za taimlaini, yaani mstari wa muda wa programu ya kuhariri, ya fremu 25 kwa sekunde, hivyo kila fremu ni milisekunde 40. Anayefanya kazi kwa fremu 30 aongeze moja kwa kila tano.

Nina sini ya mama na binti wakigombana jikoni. Anayesema namwonyesha, akimaliza nakata kwenda kwa mwenzake. Picha ni safi na waigizaji wamejitahidi, lakini sini imepooza, kama mpira wa meza. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Umehariri maneno ya skripti, ugomvi umeuacha. Mkato ukiangukia mwisho wa sentensi kila mara, mtazamaji anauzoea. Baada ya mara nne au tano anajua picha itabadilika lini, na kuanzia hapo anausubiri mkato badala ya kuwafuata watu. Tena umemnyima anachokitaka kuliko vyote watu wanapogombana: uso wa anayeambiwa.

Dawa ni kutenganisha sauti na picha. Ondoa kiungo kinachozifunga pamoja kwenye klipu, kisha uzikate mahali tofauti. Tuseme mama anauliza, "Hizo hela kakupa nani?" Kuna njia mbili. Ya kwanza, hama kwenda kwa binti kabla mama hajamaliza, kwenye neno "hela" lenyewe, ili "kakupa nani" isikike tukiwa tayari tunamwona binti akiipokea. Ya pili, binti anapoanza kujibu, baki kwenye uso wa mama kwa fremu 8 hadi 15, ndipo ukate. Mtazamaji anasikia uongo wa binti huku akimwona mama asivyouamini. Hakuna mstari wa skripti unaoweza kufanya kazi hiyo.

Kupata mahali pa kukata, chukua shoti ndefu ya msikilizaji peke yake na uitazame yote ukiwa na sauti. Weka alama kila anapohamisha macho, anapomeza mate, anapovuta pumzi. Alama hizo ndizo mikato yako. Epuka fremu ya kwanza au ya mwisho yenye macho yaliyofumba nusu, maana huonekana kama hitilafu.

Mambo matatu huharibika hapa. Sauti ya mhusika ambaye bado hajaonekana kwenye sini ikitangulia, mtazamaji anatafuta mwenye sauti na maneno yanampita, kwa hiyo mwonyeshe kwanza. La pili ni mngurumo wa friji au feni: shoti mbili zimeunasa tofauti, na kila mkato unaubadilisha. Tandaza sauti tupu ya jiko lile lile chini ya sini nzima, na kila panapokutana klipu mbili za sauti weka mpishano (sauti moja ikififia huku nyingine ikiingia) wa fremu 2 hadi 4. Kama hukurekodi sauti tupu, iokote kwenye vituo vya mazungumzo, lakini siku nyingine nyamazisha watu wote kwa sekunde 30 kabla ya kufungasha vifaa. La tatu ni mapengo. Waigizaji waliorekodiwa mmoja mmoja huacha nafasi kabla ya kujibu, na katika ugomvi nafasi hizo ziondoe karibu zote. Bakiza ile inayotangulia uongo.

Mkato mnyoofu, sauti na picha kwa pamoja, uweke akiba kwa neno moja zito kuliko yote.

Wavulana wawili wanazungumza garini. Kwenye taimlaini wote wanaonekana kutazama upande mmoja, kana kwamba wanaongea na mtu wa tatu. Hatuwezi kupiga upya, gari lilikuwa la kuazima. (Msomaji, Nakuru)

Kamera yenu imevuka mstari. Chora mstari wa kufikirika kutoka macho ya mmoja hadi macho ya mwenzake. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, mmoja atatazama kulia kwa skrini na mwingine kushoto, nao wataonekana wanatazamana. Ikivuka, wote wanageukia upande mmoja. Ndiyo sababu kwenye mechi za televisheni kamera kuu zote hukaa upande mmoja wa uwanja, la sivyo timu ingeonekana inashambulia lango lake.

Mtazamaji hajui kanuni hii na wala hahitaji kuijua. Kinachomtokea ni kwamba anapotea kwa muda mfupi, na muda huo anaoutumia kupanga upya nani yuko wapi, mstari wa mazungumzo haumwingii.

Tafuteni kwanza shoti ya mbele ya kioo inayowaonyesha wote wawili. Iwekeni katikati kwa sekunde 2 au zaidi, na upande mpya utakubalika. Kama haipo, tafuteni picha isiyo na upande: barabara kupitia kioo, mkono kwenye gia, macho kwenye kioo cha kati. Hiyo inawavusha mara moja tu, mkirudi mtahitaji nyingine.

Njia ya mwisho ni kugeuza picha ya mmoja wao, kushoto iwe kulia. Hapo angalieni sana. Usukani utahamia kushoto, na Kenya hatuendeshi hivyo. Mkanda wa kiti utatoka bega lisilo lake, maandishi ya fulana yatasomeka kinyume, saa itabadili mkono. (Kwenye sini za nyumbani msaliti mkubwa ni kanga, kwa sababu ya jina lake.) Mkikuza picha hadi asilimia 115 au 120 na kubaki na uso peke yake, mara nyingi inapita. Mgeuzeni mwenye nywele na uso vinavyolingana pande zote. Mwenye kovu au njia ya nywele pembeni mwacheni.

Mkipiga tena, kwenye orodha ya shoti andikeni mbele ya kila jina "kulia" au "kushoto". Inatosha.

Nafundisha vijana kutengeneza video. Ni kweli kwamba uso ule ule usio na hisia huonekana wenye njaa au huzuni kutegemea picha inayoufuata? (Mwalimu, Zanzibar)

Mwalimu, hilo ni jaribio linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917. Inasimuliwa kwamba alichukua uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akauunganisha na bakuli la supu, jeneza, na picha ya tatu ambayo wasimulizi wanatofautiana kama ilikuwa ya mtoto au ya mwanamke. Watazamaji wakasifu alivyoigiza njaa, msiba na upendo. Tunalijua zaidi kwa masimulizi ya mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin. Watafiti wa baadaye hawakupata jibu moja: jaribio la Marekani la 1992 halikuona athari hiyo, na jingine la Ulaya lililochapishwa 2016 liliiona, ingawa si kwa nguvu ya hadithi yenyewe.

Kwa hiyo wafundishe kama chombo, si kama uchawi. Darasani, piga uso wa mwanafunzi mmoja kwa sekunde 10. Mwambie ahesabu kimoyomoyo kurudi nyuma kutoka 50 ili asiigize chochote, na macho yake yatazame pembeni kidogo ya lenzi. Piga sahani ya pilau, kaburi, na mtoto anayecheza, kutoka urefu wa macho yake. Tengeneza video tatu: uso sekunde 3, kitu sekunde 3, uso sekunde 3, bila muziki. Kila video ionyeshe kwa kundi lake, na waandike majibu kabla ya kuzungumza. Kundi moja likiona zote tatu, litautambua uso ule ule na jaribio litakuwa limekufa.

Wengi wanashindwa kwa mwelekeo wa macho. Uso ukitazama kulia na juu, pilau likiwa limepigwa kutoka dirishani, hakuna atakayeamini kwamba ndicho kinachotazamwa, na bila imani hiyo picha mbili hazishikani.

Mahojiano ya mzee wetu ni ya dakika 40, nataka dakika 6. Nikiondoa "eee" na marudio, kichwa kinaruka na sauti inakatika vibaya. (Msomaji, Morogoro)

Anza na sauti, picha ifumbie macho mpaka hotuba isikike kama ya mtu mmoja aliyesema mara moja. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na mzungumzaji huiunganisha irabu hiyo na neno linalofuata. Ukikata pale unapoona neno limeisha kwenye mawimbi ya sauti, unabaki na mkia wa neno lililofutwa. Kata kabla ya neno linaloanza na p, t, k au ch, kwa sababu kabla ya herufi hizo mdomo hufunga hewa na kunakuwa na ukimya mdogo wa kweli. Weka mpishano wa fremu 2. Usifute pumzi zote. Mzee asiyevuta pumzi kwa dakika sita anamchosha msikilizaji, naye hatajua kwa nini.

Sikiliza pia kiimbo. Sentensi iliyokuwa inaendelea, sauti ikiwa juu, ukiigeuza mwisho wa hoja itasikika imekatwa hata kama maneno yamekamilika. Tafuta mahali pengine ambapo sauti yake inashuka. Na usiunganishe nusu mbili kumpa mzee kauli ambayo hakuitoa. Hilo tunalisema kwa wahariri wazoefu kuliko wanaoanza.

Sasa picha. Miruko ifunike kwa mikono yake, picha za zamani, shamba, nyumba, chochote anachokizungumzia, kila kimoja sekunde 3 hadi 5. Kifuniko kianze fremu 10 hivi kabla ya mruko na kiendelee baada yake. Kikianza juu ya mruko wenyewe, kinaonekana kama bandeji. Kama huna vifuniko na ulirekodi kwa 4K huku unatoa video ya 1080, ambayo upana na kimo chake ni nusu ya 4K, kata kutoka picha pana kwenda iliyokuzwa hadi asilimia 130 au zaidi. Tofauti ya asilimia 5 au 10 ni ndogo mno: jicho linaona mtikisiko, halioni shoti mpya. Kwa kamera iliyohama ni vivyo hivyo, pembe ibadilike nyuzi 30 au zaidi.

Miruko iliyoachwa wazi si dhambi. Jean-Luc Godard aliiacha katika filamu yake ndefu ya kwanza, 1960, na leo kila kijana anayezungumza mbele ya simu anaitumia. Inampa mtazamaji haraka na utani. Kwa mzee anayesimulia msiba haifai.

Nitumie lini picha kufifia hadi nyeusi, na lini picha mbili kuyeyukiana? (Msomaji, Mombasa)

Kufifia hadi nyeusi humwambia mtazamaji kwamba sura imefungwa. Ukiifanya kila dakika mbili anadhani filamu imeisha mara kumi. Kuyeyukiana kwa sekunde 1 husema muda umepita, na sekunde 2 au 3 huingia kwenye kumbukumbu na ndoto. Kila unapoitumia kuficha mkato mbaya, mkato mbaya unabaki na unakuwa mrefu zaidi. Vile vinyota, kurasa zinazofunguka na picha zinazozunguka waachie waliozitengeneza.

Mwizi anakimbia sokoni, askari anamfuata. Nimekata haraka haraka, sekunde moja au chini ya hapo, bado inachosha. (Msomaji, Dar es Salaam)

Kasi isiyobadilika huzoeleka, hata iwe kubwa namna gani. Anza na shoti za fremu 100 hivi ili soko lijulikane: njia iko wapi, ukuta uko wapi, nani yuko mbele. Kisha shuka hadi 75, 50, 30. Mwizi akijificha nyuma ya magunia, simamisha shoti moja kwa sekunde 6 na utuachie pumzi yake tu. Mkato utakaovunja utulivu huo utaruka mara mbili ya ule uliokuwa katikati ya fujo.

Jicho huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde, yaani fremu 5, kabla halijaanza kuhamia mahali papya. Shoti ya fremu 12 ambayo mwizi yuko kushoto, ikifuata ile aliyokuwa kulia, inakuwa imeisha nusu kabla hajapatikana. Kwa shoti fupi, mtu aanzie pale pale kwenye skrini macho yalipoachwa na shoti iliyotangulia. Weka kidole kwenye skrini juu ya mwizi mwisho wa shoti, sogeza fremu moja mbele, uone kidole chako kiko juu ya nani. Kuikuza picha kidogo husahihisha mengi.

Mwelekeo pia. Mwizi akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, askari naye aende kulia. Akienda kushoto, sisi tunaona watu wanaokwenda kukutana.

Na ukatie ndani ya mwendo: mguu ukiwa hewani, bega likigonga meza ya nyanya, mlango ukiwa nusu. Mwendo huuficha mkato. Mwaka 2008 watafiti Tim Smith na John Henderson walichapisha jaribio ambamo watu waliombwa kubonyeza kitufe kila wanapoona mkato. Mikato iliyowapita zaidi ilikuwa ya aina hiyo, ingawa waliitafuta kwa makusudi. Unapotoka shoti pana kwenda ya karibu, rudia fremu 2 au 3 za kitendo. Kwa hesabu kinajirudia, kwa jicho kinaendelea.

Ukiwa na shaka shoti iishie wapi, kuna kipimo anachokitumia Walter Murch, mhariri wa Marekani. Icheze, simamisha kwa kitufe pale mwili unapokwambia basi, andika namba ya fremu. Rudi mwanzo ufanye tena. Ukitua kwenye fremu ile ile, umeupata. Ukitua mbali kila mara, huenda shoti yenyewe haina la kusema.

Sauti inalingana na midomo mwanzoni, mwishoni inapishana. (Wasomaji kadhaa, Tanga na kwingineko)

Pima kwanza. Kama pengo ni lile lile mwanzo hadi mwisho, sogeza tu sauti. Kamera ikiwa mbali na spika, kumbuka sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde: kila mita 14 ni fremu moja ya kuchelewa, na ukumbi mkubwa wa harusi unatosha kuonyesha.

Kama pengo linakua sawasawa, ni tofauti ya kasi. Mfano wa kawaida ni fremu 30 kamili dhidi ya 29.97, tofauti ya asilimia 0.1: baada ya dakika 20 pengo ni sekunde 1.2, yaani fremu 30. Gawanya pengo kwa urefu wa klipu, kisha badilisha kasi ya sauti kwa kiasi hicho, 99.9 au 100.1. Ukikosea upande, pengo litaongezeka maradufu, nawe utajua.

Kama linakua hapa na kupungua pale, chanzo ni simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, hasa gizani au zikipata joto, na programu ya kuhariri hudhani idadi ni moja. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, kabla ya kuhariri, chagua idadi ya fremu isiyobadilika iliyo karibu na ile ya simu (ya 30 ibaki 30, usiishushe hadi 25 kwa sababu mwendo utagutuka), na sauti iwe kilohezi 48. Ukishakata kila kitu ndipo ukumbuke kugeuza, kazi yote inaanza upya. Ukirekodi sauti kwa kifaa kingine, piga kofi mbele ya kamera mwanzo na mwisho wa klipu, upate mahali pa kulinganisha sauti na picha.

Niweke muziki kwanza au mwisho? (Msomaji, Kigoma)

Mwisho. Muziki hufanya mikato yote ionekane mizuri, na ukiuondoa ndipo unaona sini haisimami. Malizia kukata ukiwa kimya, kisha uweke. Usiuanzishe juu ya mkato ambao tayari una nguvu. Uanze sekunde moja kabla au mbili baada, mtazamaji asishikwe mkono. Vilele vya mazungumzo viwe kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha sauti cha programu, na muziki chini yake ushuke hadi kila neno lisikike kwenye spika ya simu, si kwenye hedifoni zako. Besi uliyoipenda kwenye spika kubwa haitakuwepo pale, na ngoma zilizobaki ndizo zitakazopigana na sauti ya mwigizaji.